Kura ya Vikombe

Mahali ambapo barabara ya viwandani inakutana na mtaa wa mafundi pana duka lililofungwa siku nyingi, na chini ya kibaraza cha duka hilo pana benchi. Ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili. Mgongo wake ni ukuta, na mbele yake Shangazi huweka jiko la mkaa na birika la kahawa kila siku baada ya adhuhuri. Wanaokaa hapo wamejipanga kwa mazoea, na mpangilio huo haubadiliki. Karibu na jiko hukaa Spika, karani mstaafu wa mahakama, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndiye anayetoa ruhusa ya kusema, kwa kugonga birika kwa kijiko. Anayemfuata ni Wembe, kinyozi, ambaye kiti chake cha kunyolea kiko ng'ambo ya barabara, ili mteja akija aonekane. Baada yake ni Betri, fundi redio. Na baada ya Betri ni Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamwomba apumzike. Mwisho kabisa wa benchi, upande wenye kivuli, pana nafasi ya mtu mmoja isiyokaliwa na yeyote. Ukiuliza, utaambiwa pana msumari. Utaratibu wa kijiwe ni huu: jambo lolote linaloletwa pale, liwe kubwa au dogo, kwanza linafanywa kuwa hoja, kisha watu wanagawanyika pande mbili, mwisho, kahawa inapokaribia kwisha, kura inapigwa kwa vikombe, anayekubali akiacha chake wima na anayekataa akikifudikiza. Hakuna jambo lililowahi kutoka pale bila kupigiwa kura, na hakuna lililowahi kufika mbali zaidi ya hapo.

Alasiri inayosimuliwa hapa ilikuwa ya siku iliyofuata kutangazwa kwa matokeo. Chama cha Wavujajasho, ambacho katika uchaguzi uliopita hakikuwapo hata kwa jina, kilikuwa kimeshinda karibu kila mahali palipo na moshi wa kiwanda. Mbunge mpya wa eneo hilo alikuwa mpiga pasi wa kiwanda cha nguo, ambaye kijiwe chote kilimwita Pasi. Alikuwa amemwoa dada mdogo wa Spika. Na ile nafasi ya mwisho wa benchi, kabla haijasemekana kuwa ina msumari, ilikuwa yake. Habari zilikwishaenea kwamba jioni hiyo angepita pale na watu wake.

Spika alifika mapema kuliko wote, akiwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka likawa na makali. Alimkuta Shangazi akipepea mkaa.

— Akipita nitamwita akae, alimwambia. — Nina neno langu naye.

— Neno gani hilo, baba, mpaka na shati?

— Neno moja tu. "Shemeji, tulikukosea." Basi. Mdogo wangu hajaniletea hata salamu tangu ile siku. Harusi ya binti yao nimeisikia kwa jirani.

— Sasa hilo si la kulifanyia mazoezi. Linasemwa tu.

— Nitalisema.

Shangazi alichagua kikombe kisicho na ufa, akakisuuza, akakiweka kitupu mwisho wa benchi, penye kivuli. Kisha wengine wakaanza kuwasili, na Spika akashika kijiko.

— Kijiwe kitulie! Hoja iliyo mbele yetu ni hii: chama kisichokuwa na gari, wala ofisi yenye bati zima, kimewezaje kuwabwaga wenye kila kitu? Tena kwa kasi hii? Wembe, una nafasi.

— Ahsante, Spika. Mimi nasema jibu liko pale kwenye kiti changu. Mtu akishakaa, shuka shingoni, wembe hapa kooni, ukamwambia chama fulani ni kizuri, atabisha?

— Abishe ana shingo ya akiba? akasema Breki. — Hata mimi bei yako nilikubali hivyo hivyo.

— Basi! Vinyozi ndio waliokikuza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la kinyozi je? Si anabaki na sikio moja?

— Ina maana wewe ndiye uliyewapigia debe Wavujajasho?

— Mimi? Thubutu! Mimi nilikuwa nawasifia wale wengine, mpaka ulimi ukaota sugu.

— Na wateja walikuwa wanasemaje?

— Walikuwa wanakubali. Wote. "Kweli kabisa, Wembe. Umenena, Wembe."

— Halafu wakienda kwenye sanduku?

Wembe aliipuliza kahawa yake, ijapokuwa ilikwisha kupoa.

— Wakienda kwenye sanduku, wanampigia Pasi.

Kicheko kilianzia kwa Breki, kikapita kwa Betri, kikafika kwa Spika na kuishia hapo. Spika alikuwa akitazama kona.

— Betri, nafasi ni yako, alisema bila kugeuka.

— Nyinyi mnanyoa juu juu. Mimi ni mtu wa ufundi, nitawaeleza kifundi. Kuna sauti ya sikio na kuna sauti ya kifua. Ile ya sikio unaweza kuibishia. Ile ya kifua, yaani besi, ikishakupiga hapa, umekwisha. Wale jamaa walifunga spika kubwa za...

— Sema vipaza sauti, akakatiza Breki. — Mzee atadhani anasemwa yeye.

— ...vipaza sauti vikubwa vinavyopiga kifua moja kwa moja. Mtu anapita na kikapu chake, kifua kinapigwa, anajikuta ameshajiandikisha.

— Betri mwanangu, akasema Shangazi akichochea mkaa. — Wamepita hapa mara ngapi mimi nawaona? Hawakuwa na kipaza sauti.

— Hawakuwa nacho?

— Si walikuja kwako kuazima, ukawaambia kimeungua?

Betri alimeza funda moja, kisha akajipiga paja kwa furaha.

— Mnaona sasa! Hapo hapo ndipo siri ilipo! Hawakuwa na kipaza sauti, kwa hiyo ukitaka kusikia sharti usogee. Ukisogea, unamkanyaga mtu. Ukimkanyaga, unamwomba radhi. Mkishaombana radhi, mmejuana. Mkijuana, chama hicho! Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Uvungu umeingilia wapi hapo?

— Si walikuwa chini?

— Kwa hiyo, akasema Wembe, — aliyekijenga chama ni wewe, kwa kuwanyima.

— Sitaki kujisifu, lakini historia haitanipita.

— Haitakupita, itakukanyaga, akasema Breki. — Halafu haitakuomba radhi. Spika, naomba barabara.

— Unayo.

Breki alivuta pumzi kama mtu anayewasha injini ya zamani.

— Chama kile kimejengwa na mashimo. Msicheke. Mimi barabara ya viwandani naijua kuliko nyumba yangu. Gari la wafanyakazi likinasa kwenye shimo, nini kinatokea? Wanashuka. Wakishashuka? Wanasukuma. Sasa wewe sukuma gari na mtu kila asubuhi, matope yakikurukia wewe na yeye, kwani utampigia kura nani mwingine? Na mafundi ujenzi nao wakaingia wote, kwa sababu wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Hiyo si onyo hiyo?

— Kwako ni onyo. Kwa fundi ujenzi ni kibarua! Yeye anaishi kwa kujenga ukuta. Akiona ufa anacheka. Nchi ilipokuwa nyufa tupu, wao wakasema hapa ndipo kwetu.

— Hoja ina mashiko, akasema Betri.

— Sijamaliza. Hayo mashimo mnadhani ni mvua? Mvua gani inayochagua? Mbona mtaa wa wakubwa hayapo? Kuna nchi moja, siitaji, ina chombo chake kule juu. Kinachimba.

— Kutoka angani?

— Kwa miale.

— Na kifusi kinakwenda wapi?

— Hicho ndicho wanachokitaka! Hawataki chama, wanataka kifusi. Chama ni bahati mbaya tu.

— Na kule kwa wakubwa kwa nini hawachimbi?

— Lami ya kule nzito. Miale inateleza.

Hata Shangazi alicheka, mkono ukiwa mdomoni. Spika aligonga birika, lakini mgongo wake ulikuwa umegeukia wasemaji. Mtu angeweza kudhani anasimamia kikao cha barabara.

— Spika, akasema Breki, — wewe mbona leo hutii utaratibu? Sisi tunatoa jasho hapa, wewe unahesabu wapita njia. Halafu wewe ndiye shemeji yake. Yeye mwenyewe amekwambia nini?

— Hajaniambia kitu.

— Hata jana matokeo yakitoka? Hukumpigia simu?

— Mtandao ulikuwa mbaya.

— Mimi jana nimeongea na mtu aliye mgodini, chini ya ardhi, akasema Betri.

Breki, ambaye hupenda kuziba ukimya kama dereva apendavyo kupiga honi, alirudi kwenye hoja kwa njia nyingine.

— Mimi si chama kinachonishangaza. Kinachonishangaza ni Pasi. Pasi huyu huyu! Miaka yote hajawahi kushinda hoja hata moja hapa. Akianza kusema, amemaliza kabla hujageuza sikio. Leo anaitwa mheshimiwa. Lakini ndiyo hivyo, umoja ni nguvu. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji...

Alikomea hapo. Kwa mara ya kwanza alasiri ile methali ilikuwa imeangukia mahali pake, na kila mmoja aliiona ilipoangukia. Macho ya wote yalikwenda mwisho wa benchi, kwenye kile kikombe kitupu.

— Aliyekiweka pale nani? Betri akauliza kwa sauti ndogo.

— Mimi, akasema Shangazi.

— Penye msumari?

— Msumari, akarudia Shangazi, akashika koleo na kupanga makaa.

Wembe alikunja kola ya shati lake, akaikunjua.

— Tuache mambo ya miale, alisema. — Kila mtu hapa anajua chama kile kilianzaje.

Ilikuwa hivi. Katika kile kiwanda cha nguo, mashine ya pasi ya mvuke ilitengenezwa iendeshwe na watu wawili. Wa kwanza hutandika nguo, huinyoosha kwa viganja, huondoa mikono, kisha husema: tayari. Wa pili, ambaye kazi yake ni kungoja neno hilo, ndipo hukanyaga kikanyagio, na chuma hushuka. Anayetandika hakanyagi, na anayekanyaga hatandiki. Wenye kiwanda wakatazama, wakaona kwamba mtu mmoja ana mikono miwili na mguu pia anao. Wakamwondoa wa pili. Tangu hapo Pasi akawa anajiambia mwenyewe: tayari. Siku moja, mwisho wa zamu, mguu ulitangulia neno.

Alipotoka hospitali, mkono wa kulia ukiwa umefungwa mpaka kwenye kifundo, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikuja kijiweni, akakaa mahali pake, akasubiri Breki amalize kisa alichokuwa akisimulia, kisha akasema: "Kesho asubuhi nimeitwa ofisini. Wanadai ni uzembe wangu. Naombeni wawili watatu mnisindikize, nisiingie peke yangu."

— Na sisi tukafanya nini? akauliza Wembe.

— Ulikuwapo, akajibu Betri.

— Nauliza kwa sauti ili nisikie. Tukafanya nini?

Spika ndiye aliyejibu, akiwa bado ameitazama kona.

— Niligonga birika.

Alikuwa ameligonga. Aliomba utulivu, akalitamka jambo kwa ufasaha wake wote wa mahakamani: hoja imeletwa, je, ajali ile ni kosa la mkono au ni kosa la mashine? Betri alichukua upande wa mashine. Alieleza kwamba chuma hakina nia, kwamba mashine hutii tu, na kwamba kumlaumu mtii ni kumwachia mtoa amri. Hata waliokuwa wakipita walisimama kumsikiliza, kwa maana hajawahi kusema vizuri kama siku ile. Breki akautetea mkono. Pasi alikuwa akigeuza uso upande huu na upande huu, kama mtu anayetazama mpira wa timu asizozijua. Kahawa ilipokaribia kwisha kura ilipigwa kwa vikombe, na mashine ikashinda. Spika alifunga kikao kwa kuzisifu pande zote mbili. Pasi naye alicheka walipocheka. Akainywa kahawa yake kwa mkono wa kushoto, akaaga, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza ameitwa saa ngapi.

— Mume wa mfagiaji mmoja wa pale kiwandani ananyoa kwangu, akasema Wembe. — Yule mkewe alikuwa getini na wenzake asubuhi yake. Anasema walimwona jamaa anakuja na mkono wake ule, wakamuuliza, unaingia na nani? Akasema, mwenyewe. Basi. Wakaegemeza mifagio ukutani, wakaingia naye. Wala hawakusema kitu huko ndani, hawajui kusema wale. Walisimama tu nyuma yake. Wiki iliyofuata mmoja wao mwenye nyumba amemtolea vyombo nje, Pasi na wenziwe wakaenda wakasimama naye. Halafu wapakizi. Halafu wale wa kiwanda cha sabuni. Watu wakawa wanasindikizana mji mzima. Mpaka wakawa wengi kiasi kwamba lazima waitwe kitu.

— Kumbe ulikuwa unajua! Breki alifoka. — Sasa mambo ya wembe kooni yalikuwa ya nini?

— Na wewe mambo ya miale?

Betri alikuwa akikizungusha kikombe chake taratibu mkononi.

— Lakini ile hoja ya mtii na mtoa amri, alisema hatimaye, — ilikuwa nzuri.

— Ilikuwa nzuri sana, akasema Spika. — Ndiyo ubaya wake.

Hapo ndipo waliposikia miguu. Walikuwa wametarajia magari na ngoma, lakini kilichotokea kwenye kona kilikuwa ni watu wanaotembea tu, wamejaa barabara kutoka ukingo hadi ukingo: wapakizi wenye magunia mabegani kama vitambaa, wanawake wa kufagia, wasichana wa kushona vifungo, mafundi ujenzi wenye chokaa kwenye nyusi. Pasi alikuwa katikati, hakutangulia wala hakubebwa. Kando yake alitembea mama wa makamo aliyebana mkoba kifuani kwa mikono yote miwili. Lilipofika mbele ya kibaraza, kundi lilipunguza mwendo, kisha likasimama, kwa sababu Pasi amesimama.

— Shikamooni wazee wa kijiwe.

— Marahaba! Marahaba, mheshimiwa!

— Mheshimiwa wapi. Breki, macho vipi?

— Yanaona yanachotaka.

— Wembe, mzima? Betri, ile redio yangu bado unaitengeneza?

— Inasubiri spea, Pasi. Kweli tena.

— Imeanza kusubiri nikiwa na vidole vyote.

Watu nyuma yake walicheka, na yeye alicheka, bila sumu yoyote. Shangazi alikwisha kunyanyua birika. Alikuwa amebakiza ndani yake kiasi cha kikombe kimoja, na sasa alisimama nalo karibu na ile nafasi ya mwisho, akingoja.

Spika alisimama pia. Alivuta shati chini ili lisikunjamane. Wale waliokuwa barabarani walinyamaza kwa heshima ya umri wake, na ukimya huo ulikuwa mpana kuliko wowote aliowahi kuuomba kwa kijiko.

— Shemeji, alianza.

— Naam, shemeji.

— Shemeji...

Neno lilikuwa pale. Shangazi, aliyelijua, alisema baadaye kwamba aliuona mdomo ukilianza. Lakini watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wakimtazama, na mkono wake wa kulia, bila kuagizwa, ulikwishapapasa na kukipata kijiko. Birika lilikuwa karibu. Aliligonga.

— Shemeji, kijiwe kina hoja. Tangu mchana tumekuwa tukijadili sababu hasa za chama chenu kukua kwa kasi namna hii. Tungependa kusikia upande wako.

Pasi alikitazama kile kijiko. Kisha aliitazama nafasi yake ya zamani, na kikombe kilichokuwapo, na Shangazi aliyeshika birika. Na kwa muda mfupi ilionekana kama angekaa.

— Hoja nzuri, alisema kwa upole. — Ila leo si siku ya kukaa. Mama yetu huyu amefukuzwa kazi ghalani. Anakwenda kuwauliza kosa lake, na hataki kuingia peke yake.

Alisita. Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile ya siku ya mkono:

— Twendeni wote, wazee. Si mbali.

Wembe alinyanyuka nusu. Breki alitafuta fimbo yake kwa mguu, akaipata. Hata Spika aliinua kisigino kimoja.

— Subirini, akasema Betri. — Subirini kwanza. Tunakwenda kama nani? Kama kijiwe, au kila mtu kwa nafsi yake?

— Hilo ni swali la msingi, akasema Spika, na kisigino kikarudi chini.

— Kama ni kijiwe, sharti tukubaliane, akasema Breki. — Tukienda leo, watu si watasema tumenusa cheo?

— Na tusipoenda watasema tuna kinyongo, akasema Wembe, akiwa bado kati ya kukaa na kusimama. — Mimi nasema twende tu.

— "Twende tu" si hoja, akasema Breki. — Leta sababu.

— Mwenda pole hajikwai.

— Mbona hiyo ni ya upande wangu?

Pasi aliendelea kusimama. Aliwasikiliza, akigeuza uso upande huu na upande huu. Kisha yule mama mwenye mkoba alimgusa kwenye mkono wa shati, akamwonyesha jua lilipofika. Pasi aliitikia kwa kichwa. Aliwapungia wazee kwa ule mkono wa kulia, akageuka, na kundi likageuka naye. Na vumbi la miguu likapanda polepole mpaka kwenye kibaraza.

— Shemeji anaondoka, akasema Wembe.

— Tutawafikia. Kura kwanza, akasema Spika. — Mwenyekiti hatoki kikao hakijafungwa. Anayekubali kijiwe kiende, aache kikombe wima. Anayekataa, afudikize. Bila shinikizo.

Wakainama juu ya vikombe vyao, kama kawaida, kwa maana ni aibu kumtazama mwenzako anapopiga kura. Wembe aliacha chake wima mara moja. Breki alikiinua chake, akakitazama ndani kama anayetafuta njia, akakirudisha wima. Betri alikishika kwa muda mrefu. Alikigeuza nusu. Alikumbuka jambo, pengine kipaza sauti, pengine chuma kisicho na nia. Akakinyoosha, akakitua taratibu kwenye ubao.

Spika aliwatazama mmoja mmoja. Haikuwahi kutokea kijiweni kura zote zielekee upande mmoja.

— Ndiyo imepita, alisema. — Kwa kauli moja. Kijiwe kinakwenda.

Walisimama wote wanne. Wembe alipiga kelele ng'ambo ya barabara, kwa mteja asiyekuwapo, kwamba leo amefunga. Breki alishika fimbo, Betri alifunga kamba za viatu, Spika alikiacha kijiko kikaanguka, akanyoosha shati. Walitoka chini ya kibaraza, wakasimama ukingoni mwa barabara, na barabara ilikuwa tupu.

Kutoka upande wa viwanda alikuja msichana anayekimbia, akiwa bado amevaa vazi la kazi, nyuzi za rangi zimemganda mabegani. Alisimama mbele yao akihema.

— Shikamooni wazee. Zamu yetu imechelewa kutoka. Watu wa Pasi wameshapita?

— Wamepita sasa hivi tu, mwanangu, akasema Spika. — Hata sisi tunawafuata.

— Afadhali. Wameelekea wapi?

Mbele yao barabara iligawanyika: kulia, kushoto, na moja kwa moja. Kwenye kila njia kulikuwa na maghala, na vumbi lilikwisha kutua kwenye zote sawasawa. Wembe alimtazama Breki. Breki alimtazama Betri. Betri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane pale, akaufunga bila kutoa kitu.

— Alisema ni ghalani, akasema Breki.

— Ghala lipi?

— Alisema si mbali.

Msichana aliwatazama, wanaume wanne wazima waliosimama wamevaa tayari kwa safari, akangoja. Shangazi alishika birika, akamwaga kahawa iliyobaki juu ya mkaa. Ukalia, ukatoa mvuke, ukazimika. Alijifunga mtandio wake.

— Twende, mwanangu, alisema. — Tutauliza mbele.

Waliondoka pamoja, msichana akipunguza hatua ili mama mtu mzima asiachwe, mpaka wakakata kona. Safari hii wazee waliitazama kona hiyo ni ipi, ingawa hao wawili nao hawakuwa wakijua waendako.

Mmoja mmoja, wanaume walirudi chini ya kibaraza. Wembe alikaa mahali pake, Betri mahali pake, Breki mahali pake. Spika alilipita jiko lililozimika, akapita mbele ya magoti ya wote, akafika mwisho wa benchi, akakisogeza kile kikombe kikavu, na kukaa.

— Msumari, Spika, akasema Breki kwa mazoea.

— Hakuna msumari.

Vikombe vyao vilikuwa bado vimesimama wima kwenye ubao, vyote, kama walivyoviacha.

— Hiyo nayo, akasema Betri kwa sauti ya chini, — ni hoja.

Kijiko kilikuwa mavumbini, karibu na jiko. Hakuna aliyeinama kukiokota.